Kipande cha Kwanza

Nyama ilianguka Jumamosi, saa saba na nusu mchana, mbele ya watu. Si kipande, ni mbavu nzima za mbuzi, moto kutoka jikoni, pamoja na ubao wake na chumvi yake. Waithaka alikuwa akiupeleka ubao mezani kwa mikono miwili, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita hapo Kenyatta Market, mkono wa kulia ukaanza ile ngoma yake ya kutetemeka. Ubao ukainama. Mbavu zikamtelezea jamaa mmoja aliyevaa shati jeupe, zikatua mapajani, halafu sakafuni.

Wangu, mkewe, alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akikata nyanya za kachumbari. Aliona yote na hakuweza kuzuia lolote.

"Huyu mzee amepiga maji asubuhi yote hii!" yule jamaa akafoka, akijipangusa. "Kwani hapa mnaajiri walevi?"

Watu wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya sana, lakini walicheka. Na huyo waliyemwita mlevi ni mzee wa kanisa ambaye hajaonja pombe tangu siku ya harusi yake! Waithaka aliuweka ubao kando. Alipiga magoti akaanza kuokota, na ubavu wa kwanza ukamponyoka, akaushika tena, ukamponyoka tena. Wangu akafuta mikono kwenye aproni, akaja akapiga magoti kando yake.

"Acha, Baba Cate. Nitaokota mimi."

"Ni sakafu inateleza," Waithaka akasema, bila kumtazama.

"Ndiyo. Inateleza."

Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Jioni Muindi, mwenye kibanda, alimwita Wangu nyuma ya friji. Kumwita yeye badala ya mumewe kulimchoma Wangu kabla hata neno halijasemwa. Na Muindi hakuwa mtu mbaya, hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa mbaya, Wangu angemtolea maneno yake yote na kulala vizuri.

"Mama Cate, mimi nampenda huyu mzee. Ndiye alinifunza kushika kisu. Lakini umejionea. Leo ni nyama, kesho ni kidole ya mtu."

"Unataka kumfuta."

"Nani amesema kufuta? Atakaa pale mbele, apokee pesa za simu."

"Hawezi kubonyeza simu, Muindi. Vile vitufe ni vidogo."

Muindi akakuna kichwa. "Basi tungoje mpaka ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya mshahara. Watu huwa wengi. Kama mkono haujatulia, nitaweka mtu mwingine kwa ubao. Sina jinsi."

Asiyejua soko lile atauliza, ubao ni nini hata mtu aulilie? Ubao ndio Waithaka mwenyewe. Kulikuwa na wachomaji wengi pale, moshi kila upande, lakini mkataji aliyekata kama yeye hakuna. Tena alikuwa na desturi yake. Kabla mteja hajagusa kitu, Waithaka alikata kipande cha kwanza, akakila yeye, amesimama, mbele ya huyo mteja. Akatafuna polepole, akameza, ndipo akasema, "Nikila mimi, kula na wewe." Watu walitoka Upper Hill na tai zao, wakaruka vibanda kumi, waje kuona mzee akila kipande cha kwanza. Sasa mzee huyo akae mbele akitazama watu wakipita? Wangu alijua mumewe angekufa. Si kwa ugonjwa, kwa aibu.

*

Walikaa Uthiru, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu kwenye shamba la baba yake Waithaka. Jumapili baada ya ibada, binti yao Cate, ambaye alikuwa wa mapokezi katika ofisi moja huko Upper Hill, akaleta neno lake.

"Mama ya bosi wangu pia ako na Parkinson, anatetemeka kama Baba. Anaenda kwa daktari wa tiba ya sindano, Spring Valley, kule kwa matajiri. Anasema imemsaidia."

"Sindano gani hizo?" Wangu akauliza.

"Zile za Kichina, Mama. Nyembamba. Wanakuchoma hapa na pale."

Waithaka, aliyekuwa na kikombe chake nusu, maana kilichojaa kilimwagika, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Miaka ishirini na sita nachoma mishikaki. Sasa zamu yangu imefika."

"Si mzaha, Baba."

"Na kanisa litasema nini?" Wangu akadakia. "Mzee wa kanisa anachomwa na vitu havina hata dawa ndani? Huo si uganga?"

"Mama, huyo daktari ni Mkamba wa Machakos, na anaimba kwaya. Si uganga. Halafu nilipigia daktari wetu wa hospitali, amesema hakuna ubaya, bora dawa tusiache. Mimi nitalipa mara tatu. Zikikataa tunaacha."

Wangu alitaka kubisha zaidi, lakini akaikumbuka ile Jumamosi ya mshahara. Akasema sawa.

Kitu kimoja hakuna aliyekigusa, kwa sababu kilikuwa cha Wangu, nacho kilikuwa supu. Miaka miwili iliyopita, hospitali ilipompa Waithaka vidonge vya kutuliza mkono, wiki ya kwanza alitapika mpaka macho yakaingia ndani. Wangu akaamua mambo mwenyewe. Kuanzia hapo aliamka saa kumi na moja kila siku kuchemsha mifupa, na kidonge cha saa moja kikashuka na bakuli la supu na yai. Cha saa saba alikinywea kazini juu ya nyama. Cha jioni kilikuwa na maziwa na dengu. Kutapika kuliisha. Ati dawa kali namna ile, mtu aipe tumbo tupu? Wangu aliionea fahari supu ile, na majirani walimsifu.

*

Mlango wa Spring Valley ulikuwa wa chuma, mrefu, na ndani ukasikia ndege tu. Waithaka alikuwa amebeba mguu wa mbuzi ndani ya kiondo, zawadi ya daktari, kwa sababu hakujua kwenda kwa mtu mikono mitupu. Askari wa lango akachungulia kiondo.

"Nyama pitisheni mlango wa jikoni, ule wa nyuma."

"Sisi si watu wa nyama!" Wangu akasema, kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Sisi ni wagonjwa!"

"Mimi ni mtu wa nyama," Waithaka akamwambia yule askari kwa upole. "Lakini leo ni mgonjwa."

Daktari Ndanu aliwapokea mwenyewe, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, amevaa koti jeupe na malapa. Alipokea ule mguu kwa mikono miwili akauweka juu ya meza, kando ya faili, na hakujifanya haoni damu. Wangu akampenda hapo hapo, ingawa hakuwa amekuja na nia ya kumpenda mtu.

"Mzee, nitakwambia ukweli kabla hujapanda kitanda," Ndanu akasema. "Sindano zangu haziponyi Parkinson. Hakuna dawa ya kuiponya bado. Zinaweza kulegeza misuli, zikakupa usingizi. Kwa wengine mkono unatulia kidogo, kwa wengine hapana. Na dawa ya hospitali mimi siigusi. Tumeelewana?"

"Sasa tumekuja kufanya nini?" Wangu akauliza.

"Kujaribu, Mama. Na kuangalia vizuri."

Kisha akampa Waithaka kalamu na daftari, akamwambia achore konokono: aanzie katikati, azunguke, azunguke, mpaka nje. Waithaka alichora akitoa jasho. Kile alichochora hakikuwa konokono, kilikuwa mahali kuku wamechakura. Ndanu akaandika tarehe chini yake.

Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kuliko unywele. Ziliingia kichwani, kwenye kiwiko, katikati ya kidole gumba na cha pili, nyuma ya goti. Wangu alifumba macho. Alipoyafumbua, mumewe alikuwa amesinzia, sindano zote zimesimama, anakoroma.

Usiku ule Waithaka alilala bila kugeuka hata mara moja. Wiki ya pili shingo ikalegea, akaweza kutazama nyuma bila kugeuka mwili mzima. Wangu alishukuru kwa shingo na kwa usingizi. Lakini konokono wa pili alikuwa wa kuku vilevile, na Jumatano iliyofuata kijiko kilimponyoka mumewe mara nne kwenye chakula kimoja. Wangu akatoka nje akampigia Ndanu simu.

"Daktari, mkono umekataa," akasema, na akalia, jambo ambalo hakulipanga. "Jumamosi ya mwisho ni wiki ijayo. Umekataa kabisa."

"Njooni Ijumaa kama kawaida, Mama," Ndanu akamjibu. "Tutaangalia tena."

*

Ijumaa hiyo wazee wa kanisa walikuwa wamefunga, kumwombea mwenzao aliyelazwa. Waithaka naye alifunga.

"Na dawa?" Wangu akauliza, mikono kiunoni.

"Nitainywa na maji. Mungu hajakataza maji."

"Utatapika!"

"Nitapike basi. Nimeshasema nitafunga."

Hakutapika. Wangu alikuwa jikoni, hajui afanye nini asubuhi isiyo na supu, mumewe akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, hadi cha shingoni, hadi vya mikononi.

"Nani amekufungia?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mumeo, Wangu. Kwani uko na mwingine?"

Ngai! Wangu aliketi kwenye kigoda. Njia nzima kwenda Spring Valley alikuwa akiutazama ule mkono uliotulia juu ya goti, na alipoingia kwa Ndanu hakungoja salamu. "Sindano zimejibu! Daktari, zimejibu! Mwonyeshe, Baba Cate!"

Waithaka akachora konokono. Alikuwa konokono kweli, mviringo juu ya mviringo, mkia ukitikisika kidogo tu mwishoni. Daktari mwingine angepiga makofi na kuandika risiti ya miadi kumi zaidi, na Wangu angelipa, tena angeuza mbuzi alipe. Ndanu aliweka kalamu chini.

"Mama, leo bado sijamgusa."

"Lakini wiki jana—"

"Wiki jana ni siku saba. Na juzi ulinipigia ukilia. Kitu kingine kimebadilika." Akamgeukia Waithaka. "Mzee, leo umekula nini?"

"Sijakula. Nimefunga."

"Na kidonge?"

"Saa moja, na maji."

"Na siku zingine unakunywa na nini?"

Wangu ndiye aliyejibu, kifua mbele. "Na supu ya mifupa, daktari. Na yai. Mchana anainywea juu ya nyama, jioni maziwa na dengu. Miaka miwili, mimi sijawahi kumpa huyu mtu dawa tumbo tupu."

Ndanu akafunga daftari. Kisha akavuta kiti akaketi karibu na Wangu, magoti yakagusana. "Hiyo dawa, Mama, ikiingia mwilini hupitia mlango mmoja na nyama, mayai, maziwa na dengu. Vikifika pamoja, mlango unajaa. Dawa inabaki nje inangoja. Si kwa kila mgonjwa, lakini kwa wengine hutokea hivyo. Sijui kama ndivyo ilivyo kwa Mzee. Muulizeni daktari wa hospitali kabla hamjabadilisha chochote. Kosa ni langu pia, hili swali ningeuliza siku ya kwanza."

Wangu alielewa yote, neno kwa neno. Alisimama, akatoka nje hadi barazani, akashika nguzo. Asubuhi ngapi? Mifupa mingapi? Alikuwa akiamka gizani, mikono ikifa ganzi kwa maji baridi, ili amfungie mumewe dawa nje ya mlango. Alilia kwa hasira, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe.

Ndani, Ndanu alikuwa amekwisha kuziweka sindano, kwa hiyo Waithaka hakuweza kuinuka. Sauti yake ikatoka dirishani.

"Mama Cate! Mimi siwezi kuja huko, nimechomekwa mshikaki mzima! Rudi wewe!"

Akarudi, macho mekundu. "Ni mimi. Miaka miwili, ni mimi nimekuharibia."

"Umenilisha miaka miwili," Waithaka akasema, macho kwenye dari, sindano mbili zikitikisika kichwani. "Unajua mgonjwa mwingine amenenepa hivi? Keti hapa. Usinishike, utachomwa."

*

Jumatatu daktari wa hospitali, Upper Hill, alithibitisha. Vidonge sasa ni saa moja, saa tano na nusu na saa tisa, nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Tumbo likichafuka, biskuti kavu mbili au ndizi. Nyama asikatae, ila aile usiku, kazi ikiisha. Sindano aendelee nazo kama zinampa usingizi. "Nilisema kabla ya chakula," daktari akaongeza, na Wangu akasema ndiyo, ulisema. Ukweli ulikuwa huo. Alisema mara moja, akiandika, na yeye Wangu akaona anajua zaidi.

Lakini njiani kutoka hospitali Waithaka akasimama ghafla kando ya barabara. "Na kipande cha kwanza?"

"Hakuna kipande cha kwanza. Umesikia."

"Mkataji asiyekula nyama yake, nani atamwamini? Si watasema nimeitia sumu? Afadhali nitetemeke!"

"Tetemeka basi!" Wangu akamjibu, na hawakuongea tena mpaka Uthiru.

*

Jumamosi ya mshahara soko lilijaa kufikia saa sita. Muindi alikuwa amekwisha kuleta mtu, Isaiah, mkataji wa Dagoretti, jamaa mzima wa miaka thelathini na tano, visu vyake amevifunga kwa kitambaa. Alisalimia kwa heshima akasimama pembeni. Waithaka alikuwa amemeza kidonge chake saa tano na nusu, kwa biskuti mbili, Wangu akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani huku machozi ya vitunguu yakimtoka. Vitunguu tu, leo.

Mteja wa kwanza alikuwa Odhiambo, fundi wa lifti huko Upper Hill, mtu wa kila mwisho wa mwezi. "Mzee Waithaka, niaje! Nilisikia unastaafu."

"Nani amekudanganya? Keti."

Mbavu zikatoka jikoni. Waithaka akaushika ubao kwa mikono miwili. Muindi aliacha kupokea pesa. Isaiah aliacha kuongea. Wangu alishika kisu chake cha nyanya kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Hatua moja, ya pili, ya tano, na ubao ukatua mezani bila sauti. Kisu kikaingia kati ya mfupa na mfupa, taratibu kuliko zamani, lakini kikaingia panapotakiwa. Kipande cha kwanza kikalala peke yake kwenye ncha ya kisu, mafuta yakichuruzika.

Odhiambo akangoja. Kila mtu aliyejua desturi akangoja. Waithaka alikitazama kile kipande, na Wangu aliona koo lake likimeza mate. Alijua kwamba mumewe angekila. Mwanaume huyu alikuwa na kiburi kingi kuliko njaa.

Waithaka akageuka.

"Mama Cate. Njoo ule."

"Mimi?"

"Kwani ni nani amekula chakula changu miaka yote bila kufa?"

Wangu alikuja na aproni yake ya nyanya. Miaka kumi na minane alikuwa amekata kachumbari hapo, na kila siku alikula mabaki, mifupa iliyopoa, saa kumi na moja jioni. Hakuwahi kula nyama ikiwa ya moto kutoka kwenye ubao. Akakichukua kipande, akakitia mdomoni mbele ya watu wote, akatafuna. Wakamngoja.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Sasa hapo ndipo mmepata mwonjaji!" Odhiambo akapiga meza. "Huyo mzee wako alikuwa anatudanganya, kila siku anasema tamu!" Waithaka akatia chumvi, akainua kichwa, akasema kwa ile sauti yake, "Akila mke wangu, kula na wewe."

Meza kumi na nne zilikuja siku ile. Wangu alikula vipande kumi na vinne, na kufikia saa nane hakuweza kuinama vizuri. Muindi alipita mara moja karibu naye akamnong'oneza, "Kumbe mkono ulikuwa tu umelala," naye Wangu akamwambia, "Haujapona, Muindi. Usije ukasema umepona. Uko na saa zake."

Na kweli ulikuwa na saa zake. Saa tisa ilipokaribia, kidole gumba kikaanza kusuguana na cha pili. Hakuna aliyeona ila wawili. Waithaka akamaliza meza aliyokuwa nayo, akapangusa kisu pande zote mbili, akampelekea Isaiah, mpini mbele.

"Shika mpaka saa kumi," akamwambia. "Dawa ikiingia, narudi."

Isaiah akamtazama Muindi. Muindi akatikisa kichwa kukubali. "Si umesikia bosi? Shika."

Wangu alikuwa tayari na kidonge, biskuti mbili, na maji kwenye kikombe, nusu. Waithaka akameza, akakaa kwenye kreti la soda kando yake, mkono wa kulia ukicheza ngoma juu ya goti, wazi, mbele ya watu. Hakuuficha mfukoni.

"Usiku nitakula?" akauliza.

"Nimekuwekea mbavu. Saa mbili."

"Za mafuta?"

"Baba Cate, za mafuta."

Mteja mmoja akaita kachumbari. Wangu akainuka, na Waithaka naye akainuka amsaidie kubeba sahani. Mguu ukakwama kidogo kabla ya hatua ya kwanza, kama unavyokwama siku hizi, akayumba, akashika ukingo wa meza.

"Sakafu inateleza," akasema.

"Sakafu ni kavu," Wangu akasema, akamnyooshea mkono. "Nishike."

Akamshika.